ADAU1701: vigeuzi na kichakataji cha sauti ndani ya chipu moja

Anayejenga spika zenye amplifaya mbili, moja ya wufa (spika ya sauti nzito) na nyingine ya twita (spika ya sauti nyembamba), lazima apate kitu cha kugawa masafa. Koili na kapasita kubwa zimefanya kazi hiyo tangu zamani, lakini shaba ni ghali, koili yenyewe hula sehemu ya wati, na ukikosea thamani huna la kufanya ila kununua nyingine. Bodi ndogo yenye chipu ya ADAU1701 ya kampuni ya Analog Devices hugawa masafa kabla sauti haijafika kwenye amplifaya. Ukikosea, unabadilisha namba kwenye kompyuta na kusikiliza tena papo hapo.

Tathmini hii inahusu zile bodi za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni zikiwa na chipu yenyewe, kristali ya 12.288 MHz, kumbukumbu ya 24C256 na safu za pini kandokando. Nyingine zimeandikwa ADAU1401. Huyo ni ndugu yake wa daraja la magari, na karibu yote yatakayosemwa hapa yanamhusu.

Tuseme mapema: chipu ni nzuri sana kwa kazi yake, bodi ni za wastani. Malalamiko mengi kuhusu bodi hizi, yaani mchakacho, mvumo, programu kupotea, sauti kukwaruza, chanzo chake kiko nje ya chipu: umeme, graundi, rezista ya kuingizia sauti na geini (kiwango cha ukuzaji) ya amplifaya. Vyote hivyo vinarekebishika kwa vipuri vya bei ndogo, ndiyo maana bodi hii inastahili kununuliwa na mtu aliye tayari kushika pasi ya kulehemu. Asiyetaka kushika pasi anunue kifaa kilichokamilika ndani ya kasha lake.

Kilichomo ndani

Kuna ADC mbili, yaani vigeuzi vya kutoka analogia kwenda dijitali, zenye uwiano wa sauti kwa kelele wa 100 dB. Kuna DAC nne za kurudisha sauti kwenye analogia, zenye 104 dB. Katikati yake kuna kichakataji cha sauti (DSP) cha biti 28 chenye uwezo wa kufanya hesabu za usahihi maradufu, biti 56. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde kinatekeleza maelekezo 1024 kwa kila sampuli. Ukipandisha kasi hadi 96,000 yanabaki 512. Stereo inaingia, njia nne zinatoka: wufa na twita ya kushoto, wufa na twita ya kulia. miniDSP 2x4 ya awali, kifaa cha kugawa masafa kilichopendwa sana na wajenzi wa spika, ilikuwa na chipu hii hii.

Wazo la kuweka vigeuzi na kichakataji pamoja ni la muda mrefu. Intel ilitoa 2920 mwaka 1979 ikiwa na vyote hivyo, lakini haikuwa na kizidishi cha maunzi. Kila kuzidisha kulifanywa kwa kusogeza biti na kujumlisha, na soko halikuipokea. Kilichofungua njia baadaye ni vigeuzi vya sigma-delta. Kigeuzi cha aina hii hakidai rezista zilizolingana kwa usahihi mkubwa ndani ya silikoni. Hupima wimbi mara nyingi mno kwa sekunde kwa vipimo vya kukadiria, kisha vichujio vya dijitali vikaondoa kelele na kushusha kasi hadi sampuli 48,000. Kazi ngumu inahamia upande wa dijitali, na huo ndio upande ambao silikoni ya CMOS inaufanya vizuri kwa gharama ndogo.

Faida ambayo mjenzi ataiona mezani ni saa moja kwa wote. ADC, kichakataji na DAC vinaendeshwa na PLL moja, yaani sakiti inayozalisha saa zote kutokana na kristali. Ukijenga kwa chipu tatu tofauti, kwa mfano PCM1808 ya kuingiza, ADAU1452 ya kuchakata na PCM5102 ya kutoa, lazima upitishe kwenye nyaya saa kuu ya 12.288 MHz, saa ya biti ya 3.072 MHz, saa ya sampuli ya 48 kHz na data yenyewe. Kwa nyaya za kuchomeka za sentimita 20 mawimbi hayo hurudi nyuma na kuharibika kingo. Matokeo yake ni sauti inayokatika-katika, chaneli kubadilishana, au mlio mkali usioeleweka. Kwenye ADAU1701 nyaya hizo hazipo kabisa.

Hasara iko upande wa pili: mamilioni ya swichi za kichakataji yako milimita chache tu kutoka kwenye ADC inayojaribu kusikia mikrovolti. Watengenezaji wametenga pini za umeme kwa kila upande, yaani analogia, dijitali, PLL na pini za nje, na graundi tofauti kwa analogia, dijitali na PLL. Kazi hiyo nzuri inaharibiwa na bodi inayozilisha pini zote kwa waya mmoja mwembamba bila kapasita za 100 nF karibu na kila pini. Kabla ya kununua, angalia picha ya bodi: kapasita ndogo zinapaswa kuwa zimeizunguka chipu kwa karibu. Zikiwa mbili tatu tu, tafuta muuzaji mwingine.

Rezista ya kuingizia sauti

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza ubora bila kujua. ADC ya ADAU1701 hupokea mkondo, si volti. Kiwango chake cha juu kabisa ni mikroampea 100 kwa kipimo cha rms (thamani faafu ya wimbi), na volti yako hugeuzwa kuwa mkondo na rezista ya nje iliyoungana na kilo-ohm 2 zilizo ndani ya chipu. Hesabu ni rahisi: gawa volti ya juu ya chanzo chako kwa mikroampea 100, kisha toa kilo-ohm 2. Kwa chanzo cha 2 V unapata 18 k. Kwa 1 V unapata 8 k. Redio ya gari yenye 4 V inataka 38 k, na ukiweka 39 k hutajuta.

Bodi nyingi huja na 18 k. Simu au kipokea Bluetooth kinachotoa 0.5 V kikiunganishwa hapo kinatumia robo tu ya uwezo wa ADC. Robo ni 12 dB, kwa hiyo zile 100 dB ulizolipia zimebaki 88 kabla hujaanza chochote. Kisha unaongeza volyumu ndani ya programu ili kufidia, na kelele inapanda pamoja nayo. Dawa ni kubadilisha rezista mbili. Kwa 0.5 V weka 3 k. Usiiguse rezista nyingine ya 18 k iliyoungwa kwenye pini ya ADC_RES. Hiyo huweka kipimo cha kigeuzi chenyewe na inatakiwa iwe ya usahihi wa asilimia 1.

Pini ya ADC hukaa kwenye 1.5 V, kwa hiyo lazima kuwe na kapasita katikati. Mikrofaradi 10 na jumla ya kilo-ohm 20 hukata chini ya 1 Hz, inatosha na kuzidi. Kwa chanzo cha kawaida kisicho na volti ya DC, upande chanya wa kapasita uelekee kwenye chipu. Ukichukua sauti kutoka waya wa spika wa redio ya gari hali inageuka: waya huo hukaa karibu na nusu ya volti ya betri, kwa hiyo upande chanya uelekee kwenye redio. Chukua waya mmoja tu wa spika kwa kila chaneli, na usiunganishe waya wowote wa spika na graundi, maana utaua amplifaya ya redio.

Njia za kutoa na geini ya amplifaya

Kila DAC hutoa 0.9 V rms kwa upeo wake. Nayo hukaa juu ya 1.5 V, hivyo kapasita ya kutokea inahitajika, chanya kuelekea chipu. Baada yake weka kichujio kidogo cha kuondoa kelele za juu: rezista ya 560 na kapasita ya 5.6 nF kwenda graundi hukata kuanzia karibu 51 kHz. Bodi zenye kichujio hiki tayari ni nyingi. Zisizo nacho huleta mlio wa ajabu zikikutana na amplifaya za daraja D, kwa sababu mabaki ya masafa ya juu hugongana na masafa ya swichi ya amplifaya.

Watu huona 0.9 V ni ndogo na kukimbilia geini kubwa. Fanya hesabu kwanza. Amplifaya ya TPA3116 ina geini nne za kuchagua: 20, 26, 32 na 36 dB. Kwa 26 dB volti huongezeka mara 20, kwa hiyo 0.9 V inakuwa 18 V, na hizo ni wati 40 kwenye ohm 8. Ukiilisha amplifaya hiyo 24 V, haiwezi kutoa zaidi ya hapo bila kukwaruza. Geini ya 36 dB haikuongezei wati hata moja.

Inachoongeza ni mchakacho. Tuchukue kelele ya DAC pamoja na ya ADC iliyopita ndani yake bila kupunguzwa: jumla yake kwenye njia ya kutoa ni takriban mikrovolti 10. Kwenye dereva ya honi ya 108 dB kwa wati, ohm 8, geini ya 36 dB inaleta mchakacho wa karibu 35 dB kwa umbali wa mita moja. Utausikia vizuri ukumbini watu wakinyamaza. Kwa 26 dB unashuka hadi karibu 25 dB, na feni ya dari inaumeza wote. Kwa hiyo ukisikia twita inachakacha sana, usimlaumu aliyeunda chipu kabla hujaangalia rezista za geini kwenye bodi ya amplifaya.

Umeme

Chipu hutumia 3.3 V. Upande wa dijitali hutaka 1.8 V, ambayo chipu hujitengenezea yenyewe kupitia transista moja ya nje ya PNP. Transista hiyo ikiungua au ikilehemiwa vibaya, bodi inakufa kimya kimya huku 3.3 V ikionekana safi kabisa kwenye mita.

Bodi nyingi zina regyuleta ya AMS1117 na muuzaji anaandika kwamba unaweza kuilisha hadi 12 V. Inawezekana, lakini kwa kila miliampea 100 unachoma karibu wati 0.9 kwenye kipande kidogo kisicho na heatsink. Ndani ya kasha la spika lililofungwa, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, hiyo ni kukaribisha matatizo. Ilishe 5 V.

Swali linalofuata ni 5 V hiyo inatoka wapi. Jibu la haraka ni moduli ya LM2596 inayochukua kutoka 24 V ile ile ya amplifaya, na hapo ndipo mvumo na mluzi huanzia. Sababu ni mbili. Kwanza, LM2596 huswichi kwa 150 kHz na mabaki yake huingia kwenye upande wa analogia. Koili ya mikrohenri 10 ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 470 hukata kuanzia karibu 2.3 kHz na kumaliza sehemu hiyo. Ya pili ni ngumu zaidi. Graundi ya DSP sasa inafika kwenye amplifaya kwa njia mbili, waya wa umeme na waya wa ngao wa sauti. Mkondo mkubwa wa wufa ukirudi kwenye umeme, sehemu yake hupitia waya wa sauti, na amplifaya huukuza kama wimbo. Kichujio chochote hakitibu hilo. Dawa ni moduli ya DC-DC iliyotengwa, ile ambayo graundi ya kuingia na ya kutoka hazigusani, au adapta ndogo ya 5 V ya peke yake. Kwenye gari au matatu, ambako mluzi hupanda na kushuka kwa kufuata injini, moduli iliyotengwa ndiyo ya kununua mwanzoni kabisa, siku moja na bodi. Hakikisha tu inakubali volti ya chombo chako, maana mabasi makubwa mara nyingi yana 24 V.

Kuipa programu

Programu ni SigmaStudio ya Analog Devices, ya bure, inayofanya kazi kwenye Windows. Hakuna kuandika kodi. Unaburuta visanduku vya vichujio, volyumu na krosova (kigawa masafa), unaviunganisha kwa mistari, basi. Ubora wa SigmaStudio ndio sababu kubwa ya chipu hii kudumu sokoni miaka yote hii. Ukigusa kichujio wakati muziki unapiga, unasikia mabadiliko saa hiyo hiyo.

Kiungo kati ya kompyuta na bodi ni USBi. Ile rasmi ni ghali kuliko bodi yenyewe mara kadhaa. Wajenzi wengi hutumia bodi ndogo ya CY7C68013A iliyowekewa programu ya kujitambulisha kama USBi, na inafanya kazi vizuri. Ikikataa, kagua kwanza kama Windows inaitambua kwa jina hilo, kisha kama SDA na SCL, nyaya za data na saa za laini ya I2C, hazijabadilishana. Unganisha graundi, SDA na SCL tu. Usiipe bodi umeme kutoka sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuunganisha amplifaya, chukua mita upime 3.3 V, kisha 1.8 V, kisha 1.5 V kwenye pini ya CM. Zikiwepo zote tatu, chora mradi mfupi kabisa: jenereta ya sauti ya 1 kHz iende moja kwa moja kwenye DAC ya kwanza. Bonyeza F7. Ukipata wimbi kwenye njia ya kutoa, umeme, kristali na DAC ni vizima, hata kama ADC haijaguswa. Baada ya hapo weka ADC na kipima kiwango cha kusomea kwenye skrini, ulishe sauti, uone kama kipima kinapanda. Namna hiyo kila nusu ya bodi imejaribiwa peke yake, na hutapoteza jioni nzima ukitafuta hitilafu upande usio wake.

Programu ikikamilika huhifadhiwa kwenye 24C256 ili bodi ijiwashe yenyewe. Toa jampa ya kujiwasha kwanza, kwa sababu ikiwepo chipu hujaribu kuwa bwana wa laini ya I2C wakati mmoja na USBi na uandishi huharibika katikati. Hakikisha pini ya kuzuia kuandika kwenye kumbukumbu imeshushwa graundi. Chagua kuandika programu ya mwisho kwenye E2Prom, rudisha jampa, zima umeme, washa. Anayebadilisha kumbukumbu iliyoungua asiweke 24C64: programu na vigezo vikijaa vinazidi baiti 9,200, na 24C64 ina baiti 8,192 tu. 24C128 na kuendelea ni sawa.

Hitilafu inayosumbua zaidi hapa ni bodi inayojiwasha leo na kesho ikakataa, mpaka ubonyeze kitufe cha reseti. Bodi za bei nafuu hutengeneza reseti kwa rezista na kapasita. Adapta yenye volti inayopanda polepole huiachia chipu reseti kabla 3.3 V haijatulia. Chipu ya usimamizi wa reseti kama ADM811 hulimaliza tatizo hilo. Kuongeza thamani ya kapasita husaidia mara nyingi, si mara zote.

Anayetaka kuiendesha kwa bodi ndogo ya kudhibiti kama Arduino au ESP32 badala ya kumbukumbu aijue anwani yake: 0x34 kwa biti saba, pini zote mbili za anwani zikiwa graundi. DAC hubaki bubu mpaka rejista 0x0827 iandikwe 0x0001. Ukibadilisha kichujio muziki ukiwa unapiga, tumia njia ya safeload. Kichujio kimoja cha daraja la pili kina vigezo vitano, na safeload ina nafasi tano za kuvipokea vyote ndipo viingie kwa mpigo mmoja. Ukiviandika kimoja kimoja, kwa sehemu ya sekunde kichujio kinakuwa na vigezo nusu vya zamani nusu vipya, na kinaweza kupiga kelele kali ya kuua twita.

Volyumu ya mkono haihitaji hata hiyo Arduino. Pini MP2, MP3, MP8 na MP9, baadhi ya pini za MP zinazoweza kupewa kazi mbalimbali, zina kigeuzi cha ziada cha biti 8. Potenshiometa ya 10 k kati ya 3.3 V na graundi inatosha, na kapasita ya 100 nF kwenye pini ya katikati. Kumbuka kuiwasha kwenye rejista, na tumia volyumu yenye mwendo laini, la sivyo namba inayocheza kati ya 127 na 128 utaisikia kama kukwaruza.

Mipaka yake

Ndani ya chipu sauti ina nafasi ya 24 dB juu ya kiwango cha ADC, hivyo katikati ya vichujio haikatwi. Kwenye DAC nafasi hiyo hakuna. Ukiongeza besi 6 dB na wimbo umejaa, DAC itakata vichwa vya mawimbi. Punguza 6 dB mwanzoni mwa mchoro kabla ya kuongeza. Kwa vichujio vya chini ya 100 Hz chagua vile vya usahihi maradufu, kwa sababu hesabu za biti 28 hazina usahihi wa kutosha kwa masafa ya chini na sabwufa huanza kuguna.

Stereo ya njia mbili, kila njia ikiwa na krosova ya 24 dB kwa oktava na vichujio vitano vya kusawazisha, ni vichujio 28 vya daraja la pili. Hiyo haifiki hata nusu ya maelekezo yaliyopo. Ila usitegemee FIR, aina ya kichujio chenye hatua nyingi za kuzidisha na kujumlisha. Kila hatua yake hula angalau elekezo moja, kwa hiyo FIR ya hatua elfu kwa chaneli moja ingemaliza chipu nzima.

Kumbukumbu ya kuchelewesha sauti ni maneno 2,048, sawa na milisekunde 42, na inagawanywa na vichujio. Kwa kusawazisha twita na wufa ni nyingi mno: sampuli moja ni takriban milimita 7 kwenye hewa ya nyuzi 30, kwa hiyo twita iliyo mbele kwa milimita 22 unaichelewesha sampuli tatu. Kwa kanisa refu au uwanja wa harusi wenye spika za nyuma zilizo mita 30 kutoka jukwaani unahitaji karibu milisekunde 86. Hapo ADAU1701 haifiki.

Tena haina kibadilisha kasi ya sampuli. Ukitaka kuingiza sauti ya dijitali moja kwa moja kutoka Raspberry Pi au moduli ya Bluetooth, kifaa hicho lazima kifuate saa ya DSP, au DSP ichukue saa kuu kutoka kwake. Saa mbili zisizofuatana huleta mlio wa tik kila baada ya muda mfupi. ADAU1452 inalo suluhisho hilo ndani yake, pamoja na maelekezo 6,144 kwa sampuli, lakini haina ADC wala DAC za sauti, na unarudi kwenye zile nyaya za saa. Kwa anayefikiria kutumia chipu ya STM32F4 kwa sababu nayo ina ADC na maelekezo ya DSP: ADC yake ni ya biti 12, na biti 12 haziwezi kuzidi 74 dB hata kwenye karatasi. Ni nzuri kwa mota na vipimo, si kwa muziki.

Kulinda twita

Kwa kuwa krosova sasa ni programu, twita inategemea programu hiyo iwe imepakiwa. Weka kapasita ya mikrofaradi 47 mfululizo na kila twita ya ohm 8. Hukata kuanzia karibu 420 Hz, mbali chini ya krosova ya, kwa mfano, 2.2 kHz, kwa hiyo haiharibu mpangilio wako, lakini huzuia DC na kishindo cha kuwasha. Honi ya bei kubwa bila kapasita hii ni pesa iliyowekwa rehani.

Ulinzi wa pili ni kuiacha DSP yenyewe iruhusu amplifaya. Chagua pini moja ya MP ambayo huitumii, iweke kuwa ya kutoa, na katika mchoro ipande baada ya sekunde mbili tangu programu ianze. Iunganishe na pini ya SDZ ya TPA3116, ile inayoizima amplifaya ikishushwa. Kwenye bodi nyingi pini hiyo imevutwa juu kwa rezista iliyounganishwa na umeme mkuu. Iondoe kwanza, kwani 24 V haitakiwi kufika kwenye pini ya 3.3 V. Kisha weka rezista ya 2.2 k kutoka SDZ kwenda graundi. Usitumie 10 k, kwa sababu pini za MP zina rezista ndani ya chipu zinazovuta kuelekea 3.3 V wakati wa reseti, na 10 k haizishindi vya kutosha. Programu isipopakiwa, amplifaya haiwaki kabisa.